Bahari Zilizotangulia Sheria

Kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954, na ni vigumu kutaja kitabu kingine chembamba kilichotawala ushairi wa Kiswahili kama hicho. Ndani yake yamepangwa kwa utaratibu mambo ambayo malenga wa pwani waliyabeba vichwani vizazi na vizazi: mizani huhesabiwaje, kina hukaa wapi, ubeti hutimia vipi, na utungo ulioharibika huitwa guni kwa sababu gani. Walimu wakakishika, watunga mitihani wakakifuata, na taratibu neno “sheria” lililo katika jina lake likabeba uzito mkubwa kuliko kitabu chenyewe. Wengi wakaamini kwamba ushairi wetu ulizaliwa na sheria hizo, kwamba vina na mizani ndiyo roho yake, na kwamba utungo usiokuwa navyo ni mgeni asiye na kwao. Historia haituambii hivyo. Ukizifuata bahari, yaani aina za tungo, za ushairi wetu kuanzia ngoma za gungu za Pate hadi gereza la Kamiti, unaona kwamba kila umbo lilikuwa na kazi yake ya sauti na ya kumbukumbu, na kwamba sheria ziliandikwa pale ushairi ulipoanza kuwafikia watu kwa karatasi kabla ya kuwafikia kwa sikio. Hilo ndilo nitakalolitetea. Anayejua idadi ya mizani hulitambua shairi kwa sura. Anayejua mizani hiyo iliwekwa ifanye nini ndiye anayeweza kulisoma.

Lugha yenyewe inatupa ushahidi wa kwanza. Mizani ya Kiswahili ni silabi, na silabi hupimwa kwa ulimi. “Mtu” ni mizani mbili, kwa kuwa m hutamkwa peke yake. “Mwana” ni mbili vilevile, kwa kuwa mwa hutoka kwa pigo moja. Na “kaa” ni mbili ingawa hakuna konsonanti inayozitenganisha irabu zake. Mtu anayehesabu herufi hapati jibu, ila anayeimba hulipata bila kufikiri. Kina nacho kina mantiki yake. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano tu, kwa hiyo kama kulingana kwa irabu kungetosha, vina vingepatikana bila kutafutwa. Ndiyo maana sikio la malenga hudai silabi nzima: “taka” na “nyota” haziridhishi japo zote zinaishia a, lakini “taka” na “shuka” zinapokelewa kwa sababu ka imerudi. Tena mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina hufika sauti inapokuwa imeanza kushuka, mahali ambapo mwimbaji anaweza kuivuta na kuipamba atakavyo. Kanuni hizi hazikubuniwa na mtu mmoja mezani. Zilikuwamo katika matamshi, na masikio ya vizazi yakazichonga.

Katika masimulizi ya pwani, sauti ya kwanza yenye jina ni ya Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa Shaka. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliyatia masimulizi hayo katika utenzi, na ndani yake kuna tukio linalofaa kusomwa kama somo la ushairi. Liyongo amefungwa, na mjakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mama yake, lakini walinzi hukipokonya kila kilicho kizuri. Liyongo anamtuma Saada kwa maneno ya kishairi: mama apike mkate wa wishwa, ndani yake afiche tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa na kumwachia mfungwa. Usiku wa ngoma, watu wanaimba na kupiga vyombo nje, na kishindo kinafunika sauti ya tupa inayokata pingu. Iwe ilitokea hivyo au la, masimulizi haya yanatuonyesha jinsi watu wa pwani walivyoufahamu ushairi. Utungo ni chombo cha kupeleka ujumbe usiopotea njiani, kwa kuwa aliyetumwa anaubeba kichwani neno kwa neno, na wimbo ni kazi ya kundi yenye nguvu ya kutenda jambo papo hapo.

Tungo zinazohusishwa na Liyongo zina sura nyingi. Utumbuizo, kwa mfano, haukugawanywa katika beti za idadi moja, wala mistari yake haikulazimika kulingana kama ya shairi, kwani ulifuata ngoma ya gungu na nafasi aliyopewa mwimbaji kusifu, kujigamba au kuomboleza. Wakulima walikuwa na wawe wakati wa kufyeka na kuchoma mashamba, na mabaharia walikuwa na kimai kwa mambo ya bahari na vyombo vyake. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alizikusanya bahari hizi moja moja, na faida kubwa ya kazi yake ni kwamba inamvua msomaji dhana ya kuwa ushairi wa zamani ulikuwa kitu kimoja. Palikuwa na tungo zenye beti na zisizo na beti, zenye kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho na zenye vina vinavyobadilika, za mizani nane, kumi, kumi na mbili, kumi na tano na kumi na sita.

Utenzi ulikuwa bahari ya masimulizi na mawaidha. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja kinachobadilika ubeti hadi ubeti, na cha nne kina kina ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Bwana Mwengo wa Athumani aliutumia katika Utendi wa Tambuka mwaka 1728, huko Pate, akisimulia vita vya Waislamu na Mfalme Herekali wa Warumi katika beti zaidi ya elfu moja. Mtu akijiuliza kwa nini kipande ni kifupi hivyo, jibu liko kooni mwa msomaji. Utenzi ulisomwa kwa sauti, usiku mzima pengine, na mtu aliyeujua mahadhi yake. Mizani nane hutoshea pumzi moja bila kuchosha, na kina cha mwisho kisichobadilika humwambia msikilizaji kila mara kwamba jambo moja limekwisha na lingine linakuja. Katika hati za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi vipande vyote vinne viliandikwa katika mstari mmoja, vikitengwa kwa alama ndogo. Mishororo minne iliyopangwa mmoja chini ya mwingine, tunayoiona katika vitabu vya shule, ni mpango wa wachapishaji wa baadaye. Mwandishi wa hati hakuhitaji kumwonyesha msomaji umbo kwa macho, kwa sababu msomaji alikuwa tayari na umbo hilo masikioni.

Mwana Kupona binti Mshamu alichagua bahari hiyohiyo mwaka 1858 alipomtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa ameshafariki, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kuna wanaousoma utenzi huu leo wakaona tu amri za mama kwa binti kuhusu mume na nyumba, na mjadala huo una haki yake. Lakini umbo linatuongezea jambo. Mama anayejua kwamba huenda asiwepo kurudia maneno yake anayaweka katika bahari inayojirudia yenyewe. Binti ataukariri, atauimba, ataunakili na kuwapa wanawake wengine, na hivyo ndivyo ilivyokuwa: ulienea Lamu na Mombasa kwa vinywa na nakala za wanawake kabla haujafika mikononi mwa wachapishaji wa Ulaya.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo umbo na maana vinaposhikana kwa namna ambayo tungo chache zimewahi kufikia. Mtungaji aliishi Pate wakati utajiri wa mji huo ulipokuwa unazama, baada ya vita na ugomvi wa watawala. Anauambia moyo wake mwenyewe, anauuliza kwa nini haujazinduka, kisha anautembeza katika majumba yaliyokuwa yaking'aa kwa taa na vyombo vya kigeni vilivyopangwa kwenye zidaka, na sasa ni makao ya popo na buibui. Mazungumzo na moyo ni mbinu kubwa ya shairi hili. Msikilizaji hahubiriwi, bali anamsikia mtu akijihoji, na kwa kumsikia anajikuta anahojiwa yeye. Mizani yake ni kumi, yenye pumziko baada ya sita, kwa hiyo mstari unakwenda hatua ndefu kisha fupi, kama mtu anayetembea katika magofu na kusimama. Vipande vitatu vinabadilisha vina, cha nne kinarudi palepale katika kila ubeti. Kila picha ya fahari, hata ikipambwa vipi, huishia kwenye sauti ileile. Mwalimu anayesema kwamba hii ni tarbia, yaani utungo wa vipande vinne kwa kila ubeti, yenye mizani kumi amesema kweli, ila hajasema kwamba urejeo wa kina hicho ndio hoja yenyewe ya mtungaji kuhusu dunia.

Mombasa ilikuwa na haja nyingine, na Muyaka bin Haji (1776–1840) ndiye aliyeitimiza. Katika miaka ya Mazrui, waliotawala mji huo, na ya Sayyid Said wa Oman, shairi la mishororo minne ya mizani kumi na sita, yenye kina cha kati na cha mwisho, lilikuwa silaha ya mji. Muyaka aliwatetea Mazrui, akawajibu washairi wa Lamu, akacheka na marafiki, akalalamikia njaa na mapenzi. Shairi fupi la namna hii lilitungwa leo likajibiwa kesho. Ndiyo maana fumbo lilikuwa pambo lake la lazima: mtu alitaja kaa, mti au chombo, na wasikilizaji waliojua habari za mji wakajua nani anapigwa. Mafumbo ya Muyaka yanasomeka leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alisaidia kuyakusanya mashairi hayo na maelezo yake kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Mhariri William Hichens akayachapisha mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akayafanyia uchunguzi mpana mwaka 1979. Tazama pengo la miaka. Muyaka alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu miongo kadhaa kabla ya kukusanywa. Kina cha kati na cha mwisho viliyafungia maneno mahali pake, maana mwimbaji aliyesahau neno alijua lazima liishie kwa silabi gani, na aliyeongeza au kupunguza neno alisikika papo hapo. Hapa vina na mizani vinaonekana kuwa ghala la kumbukumbu ya mji usiokuwa na kiwanda cha chapa.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni mali ya Waarabu, na kwamba hakuna haja ya kuyatafutia maelezo katika koo na masikio ya Waswahili. Mtafiti Jan Knappert na wengine waliusisitiza sana mzizi huo, na ushahidi wao si wa kupuuzwa. Istilahi nyingi ni za Kiarabu. Hamziya ya Sayyid Aidarusi ni tafsiri ya kasida ya al-Busiri. Takhmisa ni desturi ya Kiarabu kabisa: mtunzi huchukua maneno ya mwenzake na kuyaongezea vipande hadi yatimie vitano, kama Sayyid Abdallah alivyofanya kwa utungo unaonasibishwa na Liyongo. Lakini aruzi ya Kiarabu hupima silabi ndefu na fupi kwa mpangilio maalumu, na Kiswahili hakipimi hivyo. Malenga wa Pate na Lamu waliokisoma Kiarabu vizuri walijua mpangilio huo, na bado walipotunga kwa Kiswahili walihesabu silabi. Hawakushindwa kuiga, walisikia lugha yao inataka nini. Kilichokopwa ni majina, mada na baadhi ya desturi za uandishi, na mkopo huo ni utajiri, lakini mapigo yanatoka nyumbani.

Mabadiliko makubwa yalikuja na magazeti. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, lilitenga nafasi kwa washairi, na nafasi hiyo ikawafungulia mlango watu wa Tabora, Dodoma, Ujiji na Tanga ambao hawakulelewa katika gungu wala katika vikao vya Mombasa. Miaka hiyohiyo, mwaka 1928, Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na wimbo wa taarabu ukasafiri kwa santuri hadi kwa wasikilizaji wasiowahi kumwona. Santuri iliibeba sauti, na gazeti likabeba maandishi yasiyo na sauti. Katika safu ya gazeti, utenzi wa beti mia tatu haukuwa na pa kukaa, na utumbuizo usio na beti ungeonekana kama nathari iliyokatwa vibaya. Shairi la mishororo minne lilitoshea. Kwa maoni yangu hapo ndipo shairi la tarbia lilipoanza kuitwa ushairi wenyewe, na bahari nyingine zikawa pembezoni.

Kiswahili sanifu nacho kikasukuma upande huohuo. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wake mwaka 1928, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lahaja za kaskazini, ambamo tungo kubwa zilitungwa, zikageuka kuwa lugha ya kuelezwa kwa tanbihi. Kwa Mmvita na Mwamu, “mato” na “moto” ni vina safi. Andika “macho” kwa usanifu, na kina kimekufa. Kijana wa bara aliyesoma tungo hizo katika maandishi aliona malenga wakikata maneno, wakiyarefusha, wakichukua maneno ya kale, na akahitaji mtu wa kumweleza lipi ni lahaja, lipi ni uhuru wa mshairi na lipi ni kosa. Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa miongoni mwa waliohitaji maelezo hayo kisha wakaweza kuyatoa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alipita njia hiyohiyo. Nasema hivi kwa heshima. Kitabu cha mwaka 1954 kiliwapa maelfu ya watu ufunguo wa nyumba ambayo hawakuzaliwa ndani yake, na bila ufunguo huo Kiswahili kisingepata washairi wa taifa zima.

Mtu anaweza kunikumbusha kwamba ukali wa vina ulikuwapo zamani, kwani Bwana Mwengo na Mwana Kupona walitunga kwa usahihi bila kitabu chochote cha sheria. Ni kweli, na hoja yangu inasimama juu ya ukweli huo. Kila bahari ilikuwa na adabu yake kali. Kilichobadilika ni kwamba adabu ya bahari moja au mbili iligeuzwa kuwa mpaka wa ushairi wote, na aliyekuwa akiuliza “utungo huu unaimbwa wapi na kwa nani” akaanza kuuliza “una mizani ngapi”. Hata hivyo bahari mpya hazikukoma kuzaliwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mnyampala alilipeleka shairi la majibizano jukwaani na kulipa jina la ngonjera, watoto wa shule wakajibizana kuhusu ujamaa mbele ya wazazi. Mtu anaweza kuukosoa uzito wa siasa zake, lakini kama umbo, ngonjera ililirudisha shairi la gazetini kinywani.

Ugomvi wa miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani ulizuka katika hali hiyo. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi mwaka 1974, akaacha vina na mizani ya desturi, na akatetea lugha ya kila siku katika ushairi. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakafuata kwa Malenga wa Bara na, mwaka 1979, Kunga za Ushairi. Watetezi wa desturi, miongoni mwao Jumanne Mayoka aliyeuandikia mgogoro huo kitabu mwaka 1984, walijibu kwamba kisicho na vina na mizani ni nathari. Ukisoma pande zote mbili kwa makini unaona zimekubaliana kimyakimya katika jambo moja: kwamba desturi ni ile iliyomo katika kitabu cha mwaka 1954. Wahafidhina waliilinda kana kwamba utumbuizo haukuwapo. Mulokozi na wenzake walikumbuka vizuri zaidi, kwa kuwa walionyesha kwamba nyimbo za makabila na tungo za kale hazikufuata kanuni moja. Lakini hata wao, pale waliposema kwamba vina humfunga mshairi, walivitazama kama pingu za karatasi na kusahau kazi vilivyofanya vinywani mwa watu.

Kuhusu pingu, upo ushahidi wa aina nyingine. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikamatwa kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968 uliouliza Kenya inaelekea wapi, na akafungwa hadi mwaka 1972, sehemu kubwa ya kifungo hicho akiwa peke yake Kamiti. Aliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yote kwa Kimvita na kwa bahari za kimapokeo. Hapo dai la kwamba umbo huziba fikra linapata taabu, maana fikra zilizomo ni zilezile zilizomtisha mtawala katika waraka. Katika “Mamba” fumbo linafanya kazi ileile liliyofanya kwa Muyaka, kusema juu ya mwenye nguvu mbele ya watu wanaojua anasemwa nani. Na katika “Mnazi” ndugu wawili wanashindania mti, kila mmoja akimjibu mwenzake kwa mizani na vina kama ilivyokuwa barazani Mombasa, ila hapa mtungaji hakuwa na baraza wala mpinzani, akalazimika kutunga pande zote mbili za ugomvi mwenyewe. Miaka miwili baada ya Abdilatif kutoka gerezani, Kezilahabi alikuwa akiwaandikia wasomaji watakaokifungua kitabu chake kimyakimya, kila mmoja peke yake, na mistari yake mifupi isiyo na kina ilikatwa kwa ajili ya macho ya msomaji huyo.